Minyaa ya Hewani

Zinga nzima ilijua kwamba binti wa Mzee Mwishehe ni daktari, na Zinga nzima haikujua ni daktari wa nini. Wala usiwalaumu. Siku Adila alipopata shahada yake ya uzamivu, baba yake alisimama msikitini baada ya sala ya Ijumaa akatangaza, kifua mbele, kwamba mwanawe sasa ni daktari wa anga. Basi, akaishia hapo. Hakufafanua kwa sababu na yeye hakujua zaidi ya hapo, na watu wakarudi majumbani kwao kila mtu na anga yake kichwani.

Wiki ileile wakaanza kuja. Mwenye mihogo alitaka kujua mvua za vuli zitaanza lini. Imamu alituma mtu aulize mwezi wa Ramadhani utaandama siku gani, maana kila mwaka watu wanagombana. Mama mmoja alitembea kwa miguu kutoka barabara kuu akiwa na jina la bintiye na la mchumba kwenye kipande cha daftari, ili nyota zao zitazamwe kama zinapatana. Na jamaa mmoja mwenye duka aliuliza, kwa adabu kabisa, kama daktari hawezi kumfanyia mpango wa tiketi ya ndege.

Adila aliwajibu wote jibu moja: hiyo si fani yangu. Mvua waulizwe watu wa hali ya hewa. Mwandamo waulizwe watu wa falaki. Nyota za ndoa ni biashara ya wanajimu, na yeye na wanajimu hawajuani. Na ndege, lahaula, ndege! Alikuwa na haki ya kuchoka, simnyimi haki yake. Unasoma miaka kumi na mbili halafu mtu anakuuliza tiketi. Lakini kuchoka nako kuna namna, na Adila alichoka vibaya. Lile neno la "hiyo si fani yangu" lilimkaa mdomoni mpaka likawa linatoka kabla swali halijaisha. Nalisema mapema hili, usije ukasema sikukuambia.

Mtu mmoja tu pale Zinga aliwahi kukaa chini akauliza kazi yenyewe ni ipi, akasubiri jibu mpaka mwisho. Huyo ni Mzee Kulwa, jirani.

Mzee Kulwa alikuwa Mnyamwezi wa kuzaliwa pwani. Babu yake alifika Bagamoyo na mzigo kichwani enzi za misafara, akautua, hakurudi tena Unyamwezi. Mzee Mwishehe ni Mzaramo. Kwa hiyo walikuwa watani, na utani wao haukuwa wa sikukuu, ulikuwa wa kila siku. Asubuhi Mwishehe akipita na jembe lake husimama mpakani akaita, "Mwizi wa ardhi, umeamka?" Na Kulwa hujibu kutoka uani, "Nimeamka, nimeshaiba hatua mbili, nitakuachia pa kujengea choo." Akienda kwa Kulwa kunywa chai, Zaina, binti wa Kulwa, hupiga kelele kwamba mwizi kaja, ficheni kuku. Tangu Zaina anajifunza kusema hakuwahi kumpa Mzee Mwishehe shikamoo hata siku moja, na wala mzee hakuitaka. Shikamoo ni ya wageni. Adila naye hivyohivyo kwa Mzee Kulwa.

Siku Kulwa aliposikia habari za daktari wa anga alicheka mpaka akashika mbavu. Alizunguka mtaa mzima akitangaza kwamba yule Mzaramo kamsomesha mwanawe kuanga. Wenzake wachawi wanaanga usiku, kwa siri, uchi, yeye anaanga mchana kweupe na serikali inampa mshahara! Tangu hapo akawa anamwita Adila "Mwanga", na kwa kuwa neno lenyewe ni mchawi na ni nuru vilevile, hakuna aliyejua kama anamtukana au anamsifu. Adila mwenyewe alilipenda, ingawa hakulisema hilo mbele za watu.

Baada ya kucheka ndipo akauliza. Alikuwa barazani kwake anabangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta yake, akamwambia Adila akae amweleze. Adila akaeleza. Alisema jua halitupi mwanga na joto tu. Linapuliza vilevile, siku zote, upepo wa chembe ndogo sana zenye umeme, na siku nyingine linapuliza kwa hasira. Dunia ina usumaku wake, nao huusukuma upepo huo mwingi ukapita pembeni. Na huko juu kabisa, kilomita themanini na kuendelea, hewa ni nyembamba na jua linaichoma mpaka nayo inakuwa na umeme ndani yake. Yanayotokea kati ya hayo matatu, jua, usumaku na ile hewa ya juu, ndiyo kazi yake. Hiyo ndiyo fizikia ya anga za juu. Mbali zaidi yake wako watu wa falaki na nyota zao. Chini yake wako watu wa mvua na mawingu. Chini zaidi, ardhini, wako wanaochunguza matumbo ya dunia usumaku unakotoka. Kila mmoja na shamba lake.

Kulwa alibangua korosho tatu nne. Kisha akauliza mpaka wa shamba lake na la mtu wa mvua uko wapi hasa, na kama kuna jiwe. Adila akacheka, akafikiri, akaona hawezi kumdanganya. Alikiri kwamba jiwe hakuna. Radi ikipiga chini, msukosuko wake hupanda mpaka huko kwake juu. Jua likichafuka juu, fujo hushuka mpaka kwenye redio na nyaya za umeme za chini. Ukweli hakuna ukuta, watu wenyewe tu wamegawana ili kila mtu apate pa kulima.

"Basi mmepanda minyaa hewani," akasema Mzee Kulwa, akarudi kwenye korosho zake.

Minyaa ya kweli, ile miti ya utomvu ya kupandwa mpakani, ilikuwa pale pale, nyuma ya nyumba. Baba yake Mwishehe na baba yake Kulwa waliipanda siku moja, mmoja akichimba mwingine akichomeka, kutoka barabarani mpaka kwenye mkorosho wa mwisho. Hakuna aliyewahi kuipima kwa kitu chochote isipokuwa macho. Upande wa Kulwa, karibu na minyaa, lilikuwapo kaburi la mkewe, Bi Kuruthumu, na kati ya kaburi na minyaa palibaki nafasi. Kila mtu alijua nafasi hiyo ni ya nani. Kulwa mwenyewe alikuwa akiipalilia, na Mwishehe akimwona anapalilia humuuliza kwa nini anachelewa kulala.

Halafu likaja joto la hati. Viwanja vya barabara ya Bagamoyo vilikuwa vinauzwa na kuuzwa tena, mtu anaamka anakuta nguzo za mgeni kwenye mihogo yake, na Mzee Mwishehe akaingiwa na hofu kwamba akifa leo watoto wake watanyang'anywa. Hakuwa akimwogopa Kulwa, aliwaogopa wageni. Akamtafuta mpima, bwana mmoja anaitwa Bwanausi, mtu mpole na mwaminifu, ambaye alikuwa na kidude cha mkononi kinachosoma setilaiti, cha njano, kidogo kuliko kiatu. Bwanausi alisema atakuja Jumamosi alasiri. Jumamosi yenyewe ilikuwa tarehe kumi na moja mwezi wa tano, mwaka elfu mbili na ishirini na nne.

Tarehe hiyo haikuwa na maana kwa mtu yeyote Zinga. Kwa Adila ilikuwa sikukuu. Alikuwa chuoni Dar es Salaam tangu alfajiri, hajala, kanga ya kujifunikia begani, amekaa mbele ya kompyuta tatu. Jua lilikuwa limetapika mara kadhaa mfululizo kuelekea huku kwetu, dhoruba kubwa kuliko zote kwa miaka ishirini. Nchi za baridi watu walitoka nje wakaona mbingu nyekundu. Hapa kwetu huoni kitu, mawingu yaleyale na kunguru walewale. Lakini juu ya mawingu ile hewa yenye umeme ilikuwa imevurugika, na kila ishara ya setilaiti iliyopita humo ilicheleweshwa na kupotoshwa, kifaa kikadhani kipo kule wakati kipo hapa. Juu ya paa la jengo lao Adila alikuwa na antena yake, imekazwa kwa bolti na saruji, haijasogea tangu ilipofungwa. Alasiri ile aliiona kwenye kioo cha kompyuta inatembea. Ilitembea mita tatu, ikarudi, ikatembea tano. Antena ya saruji! Alicheka peke yake kwa furaha, akamwita mwenzake wa chumba cha pili aje aone.

Alikuwa bado anacheka simu ilipoita. Baba yake. Aliipokea kwa sababu ilikuwa mara ya tatu.

Mzee alikuwa na sauti ambayo Adila hakuwahi kuisikia, ya mtu anayeogopa anachotaka kusema. Alieleza kwamba mpima amekuja, amepima akilinganisha na ramani ya kijiji, na kidude kinaonyesha Kulwa ameingia kwao hatua saba, kuanzia barabarani mpaka mkorosho wa mwisho. Amempimisha mara mbili. Kisha akauliza lile alilopigia simu.

"Mwanangu, wewe ndiye mtu wa huko juu. Hiki kidude cha setilaiti, kinaweza kukosea?"

Hebu fikiria. Swali la mvua halikuwa lake, la mwandamo halikuwa lake, la ndege wala tusilitaje. Miaka yote ile watu wanabisha hodi kwenye milango isiyo yake, na leo baba yake mzazi amebisha mlango wenyewe, saa yenyewe, na jibu liko mbele ya macho yake linatembea kwenye kioo. Wallahi hata sasa nikikumbuka hapo natamani nimshike mkono. Lakini yeye alisikia "kupima shamba", basi, hakusikia zaidi. Mdomo ukajibu wenyewe.

"Baba, mimi siyo mpima ardhi, hiyo si fani yangu. Muulize huyo aliyekileta." Na kwa kuwa alikuwa na haraka, akaongeza, ili simu iishe: "Lakini setilaiti hazidanganyi."

Yaliyofuata Adila aliyasikia baadaye kwa mama yake, Bi Sikuzani, aliyekuwa amesimama mlangoni. Mzee Mwishehe alikwenda mpakani na panga. Kulwa alikuwa upande wake. Mwishehe akamwambia, "Kulwa, wewe ni mwizi." Na Kulwa akacheka. Atafanyaje? Neno hilo amelisikia kila asubuhi kwa miaka hamsini, na kila asubuhi limemchekesha. Akajibu kwamba leo ndiyo Mzaramo kafumbuka macho. Mwishehe akakata mnyaa wa kwanza, Kulwa anacheka. Akakata wa pili na wa tatu, utomvu mweupe unamrukia kwenye kanzu, Kulwa bado anacheka na kumwonya asijipake machoni atapofuka. Ilikuwa kama mnyaa wa tano au wa sita ndipo alipomtazama rafiki yake usoni akaona hakuna mzaha. Bi Sikuzani anasema kicheko hakikukatika mara moja. Kilipungua kidogokidogo mpaka kikaisha.

Wiki iliyofuata bikoni, zile nguzo fupi za saruji za mpaka, zilichimbiwa hatua saba ndani ya shamba la Kulwa. Mstari ulipita shibiri chache tu kutoka kaburi la Bi Kuruthumu. Kaburi lilibaki upande wa mumewe. Ile nafasi ya pembeni yake haikubaki.

Watu walimshauri Kulwa aende baraza la kata. Akakataa. Alisema hajawahi kusikia mtu kumshtaki mtani wake, na hataki yeye awe wa kwanza. Badala yake aliendelea na utani peke yake. Kila Ijumaa mlangoni mwa msikiti alimwona Mwishehe akasema kwa sauti, "Mwizi kafika, shikeni viatu," akasubiri. Mwishehe akavua kandambili zake akapita. Watu wakawa wanatazama chini. Mwaka mzima ilikuwa hivyo, na Adila alipokuwa akija nyumbani aliuona ugomvi ule akasikitika, akasema moyoni wazee wana mambo yao. Hakujiuliza lolote zaidi.

Mpaka Idd ndogo ya mwaka uliofuata. Alikuja nyumbani na zawadi, wakala pilau, na mama yake akatoa sandukuni bahasha ya karatasi za shamba, amwonyeshe msomi wake jinsi baba alivyohangaika. Ramani ilikuwa ya mkono, nadhifu. Chini kabisa Bwanausi alikuwa ameandika tarehe na saa. 11/5/2024, saa kumi alasiri.

Adila aliisoma tarehe ile, akaisoma tena. Aliijua vizuri kuliko siku yake ya kuzaliwa. Alikuwa ameipeleka kwenye mikutano minne, ameionyesha ukutani kwa picha kubwa, amepigiwa makofi kwa ajili yake. Na picha aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya antena ya saruji inayotembea, saa kumi alasiri. Mama yake alimuuliza kama karatasi zina kasoro. Akajibu hazina.

Jioni ile alitumwa apeleke sahani ya pilau kwa Kulwa, maana wanawake wa nyumba zile mbili hawakuwahi kuacha kupelekeana sahani. Mzee alikuwa amekonda, miguu imevimba, amekaa kwenye kiti badala ya mkeka. Alipomwona alichangamka, akamwita Mwanga, akauliza kama kwenye yale mashamba yake ya juu jiwe la mpaka limeshapatikana. Adila alisimama na sahani mkononi, na maneno yote yalikuwa tayari. Angesema tu: kidude kilikosea, na mimi nilijua, nikasema hakikosei.

Hakusema. Alisema bado wanalitafuta.

"Mwambie baba'ko nina faini yangu kwake," akasema Mzee Kulwa. "Jogoo. Mtani akinuna anatozwa, hata kama ni Mzaramo."

Adila alipeleka salamu hizo. Baba yake alizisikiliza, akaomba maji ya kunywa.

Sasa utaniuliza kwa nini hakusema, na mimi nitakujibu kama alivyojijibu mwenyewe, ingawa jibu halinipendezi. Alijiambia kwamba mwanasayansi hasemi jambo kwa kudhani. Lazima ajue siku ile, pale Zinga, kwa kidude cha aina ile, kosa lilikuwa la kiasi gani na la kuelekea wapi. Aombe takwimu, apige hesabu, amwonyeshe mwenzake. Yote hayo ni kweli, na yote yalikuwa kificho. Kilichomzuia ni aibu. Jibu la hesabu alilipata mwezi wa nne mwishoni. Akalirudia mwezi wa tano. Idd kubwa ilimkuta Dar, ana mitihani ya kusahihisha, na alipompigia baba yake wakazungumza habari za magoti ya mama. Alipanga kwamba likizo ya mwezi wa saba atakwenda na kifaa kikubwa cha idara, kile kinachoweza kulisahihisha kosa la anga, apime upya, aseme akiwa na ushahidi mkononi. Alitaka akisema, asiwepo wa kumbishia. Nani angembishia, jamani? Mzee Kulwa?

Zaina alimpigia simu tarehe tatu mwezi wa saba, saa mbili asubuhi. Hakusema mengi. Baba ametutoka, tunazika baada ya adhuhuri.

Adila alifika wakati maiti inaoshwa. Uwanja umejaa, turubai limefungwa, wanawake wamekaa ndani kwenye mikeka. Aliposikia wanaume wanaulizana kaburi limechimbwa wapi, alinyoosha shingo. Mtu alisema makaburi ya wote, kule karibu na barabara. Mwingine akauliza kwa nini isiwe pembeni ya mkewe, mzee si alikuwa na nafasi yake pale? Zaina alikuwa ameketi karibu na Adila, macho makavu. Alisema polepole, bila kumtazama, kwamba kaka zake walitaka kwenda kuomba ruhusa kwa Mzee Mwishehe, na yeye ndiye aliyekataa. Baba yake hatazikwa kwa kuomba.

Adila alikuwa na maneno yake palepale mdomoni. Kaburi lilikuwa tayari limechimbwa, jeneza linatolewa. Angeyasema ili yafanye nini?

Mzee Mwishehe alikwenda kuzika. Alishika jeneza zamu yake, akaliachia zamu ilipoisha, akatembea nyuma pamoja na watu. Kwa desturi, mtani ndiye anayezuia njia, anakalia kaburi, anamtukana marehemu mpaka wafiwa wanacheka wakiwa wanalia. Wanaume waliorudi walisimulia kwamba pale kaburini watu walinyamaza kidogo kumpa nafasi. Wote walimngojea. Yeye alisimama na mikono nyuma, na imamu alipoona kimya kimezidi akaendelea na dua.

Adila alibaki Zinga. Siku ya nne, baada ya hitima, alikifunga kile kifaa cha idara juu ya miguu yake mitatu, akaanza barabarani akaishia mkorosho wa mwisho, asubuhi nzima, anga limetulia. Visiki vya minyaa vilikuwa bado ardhini, vingine vimechipua. Mstari wa kweli wa ramani ya kijiji ulipita juu ya visiki. Wazee wale wawili wa zamani, walioipanda kwa macho, walikosea kiganja kimoja tu.

Alimkuta baba yake uani anakata kucha zake kwa kiwembe. Akakaa chini mbele yake akamwambia yote, kuanzia jua mpaka antena, na kwamba siku ile alipoulizwa jibu alikuwa nalo. Alilia huku anaeleza. Mzee aliuliza swali moja tu.

"Ulijua lini?"

"Siku ya Idd, baba. Nilipoona tarehe."

"Idd ipi?"

"Ndogo."

Mzee Mwishehe alitazama vidole vyake, akawa anahesabu kimyakimya, mwezi hadi mwezi, na Adila aliona pale hesabu ilipokomea. Hakumkaripia. Angemkaripia ingekuwa nafuu. Aliingia ndani akatoka na sururu.

Waling'oa bikoni wao wawili, moja baada ya nyingine, wakazirudisha kwenye visiki. Ilichukua mpaka alasiri. Mzee alihesabu hatua kwa sauti kila mara, moja mpaka saba, ingawa kifaa kilikuwa kimeshaonyesha. Walipofika kwenye kaburi la Bi Kuruthumu alisimama. Ile nafasi ya pembeni ilikuwa imeota majani ya mwaka mzima, hakuna aliyeipalilia. Aliyang'oa majani yote kwa mkono, akaacha udongo mtupu, akakung'uta magoti.

Kisha akaenda bandani kwake akakamata jogoo mkubwa kuliko wote, mwekundu, akamkumbatia kwapani, akavuka kwenda kwa Kulwa. Adila alimfuata nyuma, bado ameshika mkanda wa kupimia. Walipofika uani mzee alisimama mahali alipokuwa akisimama siku zote, akakohoa, akapaza sauti. Sauti ilimtoka kwa shida lakini ilitoka.

"Mwizi nimekuja! Ficheni kuku!"

Jikoni vyombo viliacha kugongana. Zaina akatoka, amevaa kanga nyeusi, anajifuta mikono. Alimtazama mzee, akamtazama jogoo, akamtazama Adila na mkanda wake, na kwa mbali akaziona bikoni zilivyorudi. Alielewa yote, ilionekana usoni. Akavuta kanga kichwani vizuri, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Jogoo alijikukurusha kwapani. Mzee Mwishehe alimbana asitoroke, kisha akaitika.

"Marahaba."